Nyayo zinapoangaliana: maswali ya wazazi kuhusu mtoto anayekanyaga kwa ndani

Mlango wa chumba chetu cha fiziotherapia haujafungwa vizuri, mama ameshasema: "Daktari, hebu mwangalie anavyotembea." Mtoto ana miaka mitatu. Amesimama tuli, macho kwenye mpira ulio pembeni, hatembei ng'o. Ukimwita anajificha nyuma ya kanga ya mama yake. Dakika kumi baadaye, sisi tumeshahamia kwenye habari za mabomba yaliyokauka mtaani kwao, anautimkia mpira. Hapo ndipo naona nilichokuwa nakingojea: vidole gumba vinatazamana, magoti yameingia ndani, na mwenyewe hana habari, anakimbia tu.

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi. Palipo na mengi nimeyasema kwa kirefu. Pengine jibu ni mstari mmoja.

Je, huu ni ugonjwa?

Kwa watoto wengi, hapana. Ni mtoto mwenye afya yake ambaye mifupa haijamaliza kujinyoosha. Akitembea, wayo badala ya kuelekea mbele au nje kidogo unaelekea ndani. Wengine huita kigosho, wengine husema "anakanyaga ndani", na wengi huchanganya na matege. Matege ni magoti kuachana na miguu kupinda kama upinde. Mtoto anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja, ndiyo maana majina yanaingiliana, lakini ukienda hospitali sema unachokiona: nyayo zinaangaliana, au magoti yameachana. Utamrahisishia kazi anayekupokea.

Tatizo liko wapi hasa, kwenye wayo?

Natamani kila mzazi aanze na swali hili. Wayo ni mwisho wa njia. Juu yake kuna muundi, juu ya muundi kuna paja, na paja limeingia kwenye nyonga. Msokoto ukiwa popote katika njia hiyo, utauona chini, kwenye kidole gumba. Kumnunulia viatu mtoto ambaye paja lake ndilo lililosokota ni kubadilisha ndoo wakati bomba ndilo linalovuja.

Vituo ni vitatu, na kila kimoja kina umri wake.

Kwanza ni wayo wenyewe. Kisigino kiko sawa lakini nusu ya mbele imekunjika kuelekea ndani. Ukiutazama wayo kwa chini unaona umbo la korosho. Huonekana tangu kuzaliwa au katika miezi ya mwanzo, na inadhaniwa hutokana na mtoto alivyobanwa tumboni. Kati ya watoto kumi wa namna hii, karibu tisa hunyooka bila kuguswa na mtu, wengi wao kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Pili ni muundi. Mtoto huzaliwa muundi ukiwa umezunguka kidogo kwa ndani, kama nyuzi 5 hivi, kisha unajizungusha kwenda nje polepole kadiri anavyokua, mpaka ukubwani unakuwa umetoka nje kwa nyuzi 15 hivi. Wengine safari hii inawachelewa. Mzazi hugundua mtoto anapoanza kutembea, kati ya mwaka 1 na 3. Mara nyingi ni miguu yote miwili, na ukiwa mmoja huwa zaidi wa kushoto. Wengi wamenyooka wakifika miaka 4 au 5, na waliobaki huendelea kunyooka hadi kwenye miaka 8.

Tatu ni paja. Mtoto mchanga, shingo ya mfupa wa paja imegeukia mbele kwa nyuzi 30 hadi 40. Mtu mzima hubaki na 15 hivi. Katikati hapo kuna miaka mingi ya kujirudisha, na huko ndiko wengine wanakochelewa. Hawa huonekana zaidi wakiwa na miaka 3 hadi 6, na wasichana ni kama mara mbili ya wavulana. Mzazi huapa kwamba mtoto alikuwa anatembea vizuri akiwa na miaka miwili, na mara nyingi anasema kweli: nyonga ya mtoto mdogo hukaza kuelekea nje na kuuficha msokoto wa paja, ikilegea ndipo msokoto unajitokeza. Hupungua hadi kwenye miaka 8 au 10, na kwa wengine huendelea kupungua mpaka ujanani.

Nitajuaje nyumbani msokoto uko wapi?

Chukua beseni la maji, sakafu kavu ya saruji, na kalamu ya wino. Mtoto atumbukize miguu, atoke, atembee kuelekea kwa mtu anayempenda. Sakafu itakuonyesha nyayo zake kwa dakika kadhaa kabla hazijakauka. Zipige picha kutoka juu. Utaona kama miguu yote miwili inaingia ndani sawasawa au mmoja umezidi, na hilo la mwisho ni muhimu, nitalirudia chini.

Sasa mchoree nukta kubwa katikati ya kilegesambwa, kile kifupa cha mviringo mbele ya goti, kulia na kushoto. Chuchumaa mbele yake uwe kimo chake, umrekodi kwa simu akija. Zitazame nukta, si vidole. Nukta zikitazamana pamoja na vidole, msokoto uko juu ya goti, kwenye paja. Nukta zikitazama mbele lakini vidole vikaingia ndani, shuka chini ya goti: ni muundi au wayo. Ili kutofautisha hivyo viwili, mlaze kifudifudi, mkunje goti, wayo uelekee darini, kisha uutazame kwa juu. Ukingo wa nje, upande wa kidole kidogo, umenyooka? Basi wayo hauna kosa, ni muundi. Umepinda kama mgongo wa korosho? Ni wayo.

Wazazi hulifanya hili vizuri kuliko wanavyodhani. Video ya sekunde ishirini iliyopigwa uwanjani nyumbani inanisaidia kuliko nusu saa ya kumbembeleza mtoto kliniki. Ila usimwambie "tembea vizuri" kabla ya kurekodi. Atatembea vizuri, nawe utakuwa umekuja bure.

Mtoto wangu mchanga ana wayo wa korosho. Ndizo zile nyayo za kupinda?

Siyo, na tofauti hii haifai kusubiri.

Wayo wa korosho ni laini. Ushike kisigino kwa mkono mmoja, sukuma sehemu ya mbele kwa kidole kwenda nje polepole: unanyooka. Hata ukimkwaruza taratibu ukingo wa nje wa wayo kwa ukucha, mtoto mwenyewe huunyoosha. Na unaweza kuupandisha wayo juu kuelekea muundi bila kizuizi.

Nyayo za kupinda za kuzaliwa, ambazo madaktari huita klabufuti, haziendi hivyo. Kisigino kimepanda juu na kugeukia ndani, wayo umetazama chini na ndani, kigimbi ni chembamba, na ukijaribu kuupandisha unagoma. Huyo apelekwe hospitali katika wiki za mwanzo za maisha yake. Tiba iliyoenea duniani ni ya Ignacio Ponseti, daktari aliyefanya kazi Iowa, Marekani: wayo unanyooshwa kidogo kidogo kwa POP, plasta ngumu (mtaani tunaita hogo) inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi saba, kisha wengi hukatwa kano nene ya nyuma ya kisigino kwa upasuaji mdogo, halafu mtoto huvaa viatu vyenye fimbo inayoviunganisha, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, na baadaye usiku tu hadi afikishe miaka minne hivi. Huduma hiyo ipo hospitali ya CCBRT Dar es Salaam, ipo hospitali ya Kijabe nchini Kenya. Uganda walienda mbali zaidi: Mholanzi Michiel Steenbeek, akiwa kituo cha Katalemwa mjini Kampala, alibuni viatu vya fimbo vinavyoweza kutengenezwa na mafundi wa hapa hapa kwa ngozi na chuma cha kawaida, na leo vinavaliwa na watoto wa nchi nyingi.

Ukiacha hilo, wapo wachache ambao wayo wao wa korosho ni mgumu, haunyooki ukisukumwa. Nao hufungwa POP, na matokeo ni mazuri zaidi ikifanywa kabla ya mwaka mmoja, wayo ukiwa bado mlaini. Ndiyo maana ninasema: mtoto wa miezi sita ambaye wayo bado umepinda, mlete tuushike. Huenda ukarudi nyumbani dakika tano baadaye, nami sitalalamika.

Wa miaka miwili anajipiga mtama mwenyewe kila mara. Ataumia?

Watoto wa miaka miwili huanguka. Hata wenye miguu iliyonyooka kama rula huanguka. Kichwa ni kizito, miguu mifupi, na mawazo yametangulia mbele ya miguu. Kanyagio la ndani huongeza kujikwaa kidogo kwa sababu wayo mmoja hukwama nyuma ya kisigino cha mwenzake, hasa akikimbia au akiwa amechoka jioni.

Linganisha mwezi huu na mwezi ule. Kuanguka kunapungua au kunaongezeka? Kukipungua, hata polepole, mambo yanakwenda. Na kabla hujaulaumu mguu, angalia alichovaa. Nusu ya watoto wanaoletwa kwangu kwa kujikwaa wamevaa ndala za kaka zao.

Binti yangu wa miaka mitano anakaa miguu imekunjwa nyuma kwa pembeni. Ndiko alikoharibikia?

Unakijua kikao chenyewe: makalio sakafuni, magoti mbele, visigino vimetupwa kulia na kushoto, ukimtazama kwa juu unaona herufi W. Anakaa hivyo kuchambua mchele, kuchora, kutazama katuni. Wewe ukijaribu utaita watu waje kukuinua.

Ndiyo, watoto wenye msokoto wa paja hukaa hivyo. Lakini wanakaa hivyo kwa sababu paja lao linageuka ndani kwa urahisi. Kikao hicho kwao ndicho cha starehe, na kukunja miguu mbele kunawauma. Kikao ni matokeo ya paja. Hakuna ushahidi kwamba kukikataza kunaharakisha kunyooka kwa mfupa.

Kwa hiyo simwambii mzazi apige kelele "kaa vizuri!" mara ishirini kwa siku. Mtoto atachoka, nawe utachoka, na paja halisikii. Mpe kigoda. Mtoto akiwa na kigoda chake kifupi karibu na meza, W inapungua yenyewe bila vita. Kuna jambo moja tu linalonifanya nikae sawa nikisikia kikao hiki: mtoto asiyeweza kukaa kwa namna nyingine yoyote, anayeanguka ukimkunjia miguu mbele, au ambaye misuli yake ni migumu au legevu mno. Huyo nampima kwa mapana.

Wengine huuliza kuhusu madrasa, kwamba mtoto hukaa tahiyatu saa nzima akisoma. Aendelee kusoma. Mamilioni wamekaa hivyo tangu wakiwa wadogo na miguu yao imenyooka.

Je, ni mbeleko? Ni nepi? Ni kigari cha kujifunzia kutembea?

Mbeleko haina hatia. Mtoto aliyebebwa mgongoni mapaja yakiwa yamepanuka kuuzunguka mwili wa mama yuko katika mkao ambao madaktari wa mifupa wanaupenda kwa ajili ya nyonga. Kinachosumbua nyonga ni kumfunga mtoto mchanga miguu imenyooshwa na kubanwa pamoja kama kifurushi.

Nepi humfanya atembee kama bata. Akiivua, imeisha.

Kigari cha magurudumu hakisokoti mifupa, ila sikipendi. Hakimfundishi kutembea mapema, na kinampeleka jikoni kwenye sufuria la moto haraka kuliko unavyoweza kuinuka.

Ni urithi?

Mara nyingi, ndiyo. Mshukuruni daktari, kisha mwangalieni baba anavyotoka nje ya mlango.

Nimvalishe viatu kinyume, cha kulia kushoto?

Hapana. Kiatu kilichogeuzwa kinaubana wayo na kumfanya ajikwae zaidi. Muundi na paja haviguswi hata kidogo. Wayo unaweza kulazimishwa kuelekea nje ndani ya kiatu, ukaona picha nzuri kwa saa moja, na msokoto uko palepale juu.

Vivyo hivyo viatu vya tiba, soli za kuinua upande mmoja na mikanda ya kuzungusha miguu. Mwaka 1976 Lynn Staheli, bingwa wa mifupa ya watoto kutoka Seattle, na mwenzake walichapisha matokeo ya kujaribu marekebisho mbalimbali ya viatu kwa watoto wanaokanyaga ndani. Hayakuleta tofauti ya maana. Hata ile fimbo inayounganisha viatu viwili, ambayo ni mkombozi kwa mtoto mwenye nyayo za kupinda, iliwahi kuvalishwa watoto wengi wenye msokoto wa muundi. Walinyooka, ni kweli, kwa sababu walikuwa wananyooka hata bila fimbo. Hapo ndipo sifa za tiba nyingi za hali hii zilipotoka: zilianza mtoto akiwa na miaka miwili, zikaisha akiwa na mitano, na umri ndio uliofanya kazi.

Ukitaka kumnunulia kiatu, nunua kinachomtosha, chenye soli inayokunjika, kisichochomoka mguuni. Ndani ya nyumba na kwenye uwanja usio na misumari wala vigae vya chupa, aachwe peku. Kama umeambiwa ulipie kiatu cha bei ya kodi ya mwezi kwa mtoto wa miaka mitatu asiye na shida nyingine, tafuta maoni ya pili kwanza.

Bibi yake anataka kumkanda na kumnyoosha. Nimkubalie?

Kumpaka mafuta na kumkanda taratibu baada ya kuoga, mkubalie. Mtoto anafurahi, bibi anafurahi, na ngozi inang'aa. Hakuzungushi mfupa, lakini hakudhuru.

Kuvuta na kusokota, mkatalie kwa heshima. Mfupa wa mtoto mchanga huvunjika kwa msokoto, na paja likivunjika utaona limevimba, mtoto halisogezi na analia ukimvalisha. Kumfunga vibao au vitambaa vya kubana miguu usiku pia hapana: ngozi inachubuka, damu inazuiwa, msokoto unabaki.

Sehemu nyingine humsimamisha mtoto katika shimo lililochimbwa ardhini, akafukiwa mpaka kiunoni, ili akaze miguu atembee. Hapa nawaomba wazee wanisikilize. Mtoto ambaye hajatembea akiwa na mwaka na nusu ana haki ya kujulikana kwa nini, na shimo haliwezi kumwambia mtu kwa nini.

Kuna mazoezi ya kumnyoosha?

Kama mtu wa fiziotherapia inaniuma kidogo kulijibu hili: hakuna zoezi linalozungusha mfupa. Mazoezi yana kazi kwa mtoto mwenye misuli iliyokaza, mwenye udhaifu, au mwenye mtindio wa ubongo. Kwa mtoto mwenye afya anayekanyaga ndani, kazi yangu ni kupima na kuandika, ili tukikutana baada ya miezi sita tujue tumetoka wapi. Acheze. Mpira, kuruka kamba, rede, kuogelea, kucheza muziki. Anajenga nguvu na wepesi wa mwili, na hivyo ndivyo vinavyomfanya asijikwae hata kabla mguu haujanyooka.

Ni lini nisisubiri?

Tafadhali hapa usisome haraka.

Msokoto wa kawaida uko pande zote mbili, hauumi, na unapungua. Jambo lolote linalokwenda kinyume na hayo matatu linastahili kuonwa. Mguu mmoja umezidi mwenzake sana, au mtoto anachechemea. Analalamika maumivu ya goti, paja au kinena, au anaamka usiku kwa maumivu. Alikuwa akitembea vizuri na sasa anazidi kuharibika. Anatembea kwa ncha za vidole daima, miguu imekaza, au alianza kupendelea mkono mmoja kabla ya kufikisha mwaka. Hajatembea akiwa na miezi 18. Dalili hizo zinaweza kuwa za ubongo, mishipa ya fahamu, misuli au nyonga iliyotoka mahali pake, na hizo hazinyooki kwa kusubiri.

Kuna mambo ya kwetu ambayo vitabu vya ughaibuni huyapitia juu juu. Mtoto mwenye selimundu anayeanza kuchechemea au kuumwa nyonga apelekwe upesi, kwani kichwa cha mfupa wa paja chake kinaweza kukosa damu na kufa. Mtoto ambaye wayo wake umelegea na kuburuzika baada ya kuchomwa sindano ya makalio naye apelekwe siku hiyo hiyo. Sindano ikigusa mshipa wa fahamu hufanya hivyo. Na kama mnaishi maeneo ya Bonde la Ufa ambako maji yana floraidi nyingi, kama sehemu za Arusha, na mtoto ana meno yenye madoa ya kahawia huku miguu inazidi kupinda, waambie wataalamu mnakunywa maji ya wapi. Hilo linaweza kubadilisha uchunguzi wote.

Ana matege pia. Inakuwaje?

Chini ya miaka miwili, matege kidogo ya pande zote mbili ni kawaida, na msokoto wa muundi huyafanya yaonekane makubwa kuliko yalivyo. Kisha mambo hugeuka: kwenye miaka 3 hadi 4 magoti hugusana, nako ni kawaida, na kufikia miaka 7 miguu huwa imetulia.

Matege yanayozidi baada ya miaka miwili, au ya mguu mmoja, ni habari nyingine. Ukosefu wa vitamini D au kalisi hulainisha mifupa. Mtoto huwa mfupi, vifundo vya mikono vinene, anachelewa kutembea. Tuna jua la kutosha, lakini mtoto anayeshinda ndani ya chumba cha kupanga mpaka jioni halioni. Upo pia ugonjwa wa Blount, unaoathiri ukuaji wa muundi chini ya goti, na hupenda zaidi watoto wazito walioanza kutembea mapema. Yote mawili yana tiba, na tiba ya mapema ni nyepesi.

Daktari atamfanya nini? Lazima eksirei?

Atauliza alivyozaliwa, alianza kutembea lini, nani mwingine katika familia. Atamtazama akitembea na akikimbia. Kisha kitandani, kifudifudi, magoti yamekunjwa: ataiachia miguu ianguke nje, ambapo ndipo paja linageuka ndani. Ikianguka mpaka karibu kugusa kitanda, zaidi ya nyuzi 70, paja limesokota. Atatazama pembe kati ya paja na wayo kupima muundi, na umbo la wayo. Vipimo hivi Staheli na wenzake walivipangilia mwaka 1985 baada ya kupima miguu 1,000 ya kawaida, na mpaka leo ndivyo tunavyolinganishia. Havihitaji mashine.

Eksirei mara nyingi haihitajiki. Huombwa pakiwa na shaka ya nyonga, matege yanayozidi, maumivu, au tofauti kati ya mguu na mguu. Usidhani umepuuzwa kwa sababu umeondoka bila picha.

Kuna wanaofanyiwa upasuaji?

Wapo, wachache mno. Kwa msokoto wa muundi au paja haufikiriwi kabla ya miaka 8 hadi 10, kwa kuwa kabla ya hapo mfupa bado unafanya kazi yake. Na umri peke yake hautoshi. Lazima msokoto uwe mkubwa na unamsumbua kweli: anaanguka, anaumwa goti, hawezi kucheza na wenzake. Mfupa hukatwa, ukazungushwa, ukafungwa kwa bati na skrubu au chuma cha ndani, kisha wiki kadhaa za magongo na miezi ya mazoezi. Huo ndio wakati wangu wa kutoka jasho. Kuna hatari ya maambukizi na ya mfupa kuchelewa kuunga. Sijamwona mzazi aliyejuta kwa kusubiri mpaka miaka tisa.

Akiwa mkubwa atapata shida? Ataweza michezo?

Wengi hawabaki na chochote. Waliobaki na kidogo hutembea, hukimbia na huzaa kama wengine, na hakuna ushahidi kwamba msokoto wa paja wa kawaida huwaletea uchakavu wa nyonga uzeeni. Ila wapo wachache ambao paja limebaki ndani huku muundi ukiendelea kuzunguka nje kufidia. Nyayo sasa zinaelekea mbele vizuri kabisa, watu wanasema amepona, lakini goti katikati linavutwa huku na huko na kuuma akipanda ngazi. Kijana wa namna hii asiambiwe anadeka.

Wenzake wanamcheka shuleni.

Hili linamuuma kuliko mguu. Ongea na mwalimu wa darasa lake, si mbele ya mtoto. Na nyumbani acheni kumwita jina la mguu wake, hata kwa utani. Mtoto wa miaka saba niliyempima mwaka jana alijua nyuzi zake zote, lakini alichoniuliza ni kama anaruhusiwa kucheza namba saba, kule pembeni kulia. Nikamwambia acheze.

Nirudi lini?

Baada ya miezi sita, au mapema ukiona dalili nilizozitaja. Njoo na video mbili, ya leo na ya siku hiyo, zilizopigwa mahali pamoja, mtoto amevaa kaptura, peku. Tutaziweka kando kwa kando kwenye simu yako. Na kama siku hiyo hataki kutembea, mpira uko palepale pembeni.